Kulia Si Kukosa Subira

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ya themanini ikianza, nyanya yangu alishuka kwenye lori la kutoka Kulamawe, akaingia kwangu hapa Isiolo bila hodi, akanikuta nimelala na jua limeshapanda. Sisi Waborana nyanya tunamwita Akko, na Akko wangu alikuwa na mdomo, wee! Hata pole hakuniambia.

Nilikuwa nimezika mtoto wangu wa kiume, hata kutambaa hajaanza. Siku ya maziko wanawake walinishika mikono: "Usilie, mama Halima. Chozi lako linamtesa huko aliko. Kuwa na subira." Nami nilikuwa mtiifu kupita kiasi. Nikameza kilio, nikakimeza tena, mpaka mtaa mzima ukanisifu kwa imani. Kumbe ndani nilikuwa nazima. Miezi ikapita, chakula hakina ladha, nywele sichani. Watu hudhani nilikuwa na huzuni kubwa. Mwanangu, afadhali ingekuwa huzuni, maana sikuhisi kitu. Binti yangu Halima, bado mdogo, akazoea kumwita shangazi yake mama. Mama mkwe akaona mtoto anaharibika, akamfungia nguo zake kwenye leso ampeleke Kinna akalelewe na jamaa. Niliambiwa, nikajibu sawa. Sawa, kama naambiwa sukari imekwisha!

Habari hiyo ndiyo iliyompandisha Akko lori. Akaketi, akanisukumia kibuyu kitupu cha maziwa na makaa ya moto. "Kitie moshi," akasema. Kazi hiyo naijua tangu utotoni: unatia kaa ndani, unafunika, unatikisa, ili maziwa yasiharibike na yanukie vizuri. Nilipofunua, moshi ukanijaa machoni, maji yakatiririka.

"Ni moshi tu, Akko," nikajitetea haraka.

"Nani amekuuliza? Mama yako alimlilia baba yako kwenye moshi huo huo. Mimi nimelilia watoto wangu hapo. Endelea."

Basi nikaendelea, na moshi ulipoisha machozi hayakuisha. Nililia kwa sauti, kamasi zinanitoka, nikimtaja mwanangu kwa jina lake. Majirani wakaja mbio kuninyamazisha. Akko akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Mtume wetu alimlilia mwanawe. Nyinyi mmetoa wapi dini ya kumziba huyu mdomo? Mkitaka kukaa naye, ingieni. Mkitaka kumnyamazisha, rudini kwenu, mna kazi."

Wakaingia. Wengine walikuwa na vilio vyao vya zamani, masikini, wakalia pamoja nami.

Halima alikuwa akichungulia nyuma ya Akko. Siku nyingi hakuwa amenisogelea. Akaja polepole, akanigusa shavu lililolowa, akauliza, "Mama, umeamka?"

Ile leso ya nguo zake niliifungua mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba nilipona siku ile. Nilisikia njaa tu, nikaomba chai. Akko alikaa nami mpaka mvua zikanyesha, akanipeleka na hospitali pia, akamwambia daktari bila haya kwamba mjukuu wake amechoka moyo. Nilirudi kidogo kidogo. Leo watoto wa Halima wananipigia kelele hapa siwezi hata kusali kwa utulivu, na alhamdulillahi, nazipenda kelele zao.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifikwa, lia. Lia mbele ya mtu anayekupenda, na ukimwona mwenzio analia, usimwambie anyamaze, kaa naye. Machozi yakikataa kabisa, au yakija bila kukoma na chakula na usingizi vikakukimbia, usiseme ni imani imepungua. Huo ni ugonjwa kama malaria. Mwambie mtu, nenda hospitali. Na yule anayesifiwa kwa kutolia, wewe mpitie nyumbani umjulie hali.

Mungu akupe moyo laini, akupe na watu wa kukaa nawe unapolia, na watoto wako wakukute umeamka. Amin.