Kidevu Kifuani

Juzi, katika kliniki moja Kakuma, nilimwona mzee akishusha kidevu hadi kifuani kabla ya kumeza uji, na mara nikarudi kimawazo katika ile wodi ya Lodwar alikolazwa mama, yenye harufu ya dawa na feni iliyozunguka kwa usingizi.

Ugonjwa wa virusi ulikuwa umemlegeza mama koo. Hata maji yalimpalia. Nyanya, mama yake baba, alikuwa hasemezani naye kwa muda mrefu, lakini alasiri hiyo alifika kutoka Namoruputh na kibuyu cha maziwa. Nesi akayakoroga na unga hadi yakawa mazito.

"Hii ni maziwa ama ni gundi?" Nyanya akauliza.

"Nyepesi itaingia kwa mapafu, nyanya. Nzito inapita," nesi akamjibu.

Mama akapewa kijiko kimoja. Akainamisha kichwa mbele ya Nyanya, polepole, nikadhani anaomba msamaha. Koo likapanda, likashuka. Hakukohoa.

"Basi, yale yetu yameisha," Nyanya akasema, machozi yakimlengalenga. "Kunywa, mwanangu."

Sasa najua kuinama kule kulikuwa zoezi la kumeza. Nimejiuliza mara nyingi mno kama Nyanya naye alijua. Mama hakuwahi kumsahihisha.