Injini za Boti Uani Kwetu Tabora

Enzi za Mwingereza, mtoto wa uani kwetu Tabora aliweza kukuambia injini ya boti imetoka ziwa gani kwa kuinusa tu. Usicheke. Wewe uliyezaliwa juzi unajua kunusa nini, simu? Ikinuka shombo na majani yaliyooza, hiyo imeshuka na treni ya Mwanza. Ikiwa hainuki sana ila ndani imeganda ukoko mweupe, mgumu kama wa sufuria iliyosahauliwa jikoni, hiyo ni ya Kigoma. Reli zote mbili zilikutana Tabora, na injini zilizougua kwenye maziwa yote mawili zilikutana uani kwetu, chini ya kibanda cha bati, mikononi mwa baba yangu, Fundi Maganga, ambaye hakuwa amewahi kuona ziwa hata moja.

Ndiyo, hata moja. Baba alijifunzia kazi relini, akikwangua ukoko ndani ya boila za gari moshi. Siku moja ikaletwa injini ya boti inayochemsha, wenzake wakakuna vichwa, yeye akachungulia tundu lake akasema, "Hii ina ukoko tu, kama boila." Akaisafisha, ikapona, na habari zikasafiri na treni kwenda pande zote mbili. Baadaye relini wakampunguza kazini, akaifanya injini za boti kuwa ndiyo shamba lake.

Kwa wenzangu ambao hamkubahatika kulelewa na injini, nieleze kidogo. Injini hizi za boti hazikuwa na rejeta kama gari. Zinavuta maji ya ziwa kwa bomba, yanapita kwenye chujio, pampu inayasukuma kuzunguka tumbo la injini, yanabeba joto lote, kisha yanatemwa nje. Inakunywa huku inatema, kutwa nzima. Tatizo ni kwamba ziwa halitoi maji matupu. Ukifungua lile chujio unakutana na majani, mchanga, dagaa mmoja aliyekauka huku ametoa macho, na konokono.

Konokono walikuwa wetu. Mimi na mdogo wangu Masanja tuliwaosha, tukawaanika, tukawachezea mdako. Wasichana wa mtaa mzima walicheza kwa kokoto, mimi Kabula binti Maganga nacheza kwa konokono wa Nyanza, na nilikuwa na maringo hayo, hata mwenyewe nikikumbuka naona haya. Shuleni mwalimu alipouliza ziwa ni nini, wenzangu walijibu kama kitabu kilivyosema. Mimi nikasimama nikasema ziwa ni kutu na konokono. Nilipigishwa magoti mpaka kengele ya mapumziko.

Ukoko ulikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe ilikaa jikoni kwa Mama. Baba alichemsha ukwaju na ndimu kwenye debe, akaziba tundu la chini la injini, akaimwagia ule uchachu ndani, akaiacha siku mbili. Halafu anachokonoa njia za maji kwa spoku ya baiskeli, polepole, ulimi nje, huku ua mzima unanuka kama achari.

"Baba Kabula, ukwaju ule ulikuwa wa uji," Mama alizoea kusema.

"Nitaurudisha."

"Utaurudisha ukiwa na kutu?"

Ndani ya pampu kulikuwa na kigurudumu cha mpira chenye mapezi sita, na hicho Baba alikiheshimu kuliko wakwe zake. Kikizunguka bila maji kinajitafuna chenyewe kwa dakika chache. Kikiisha, alikata kingine kutoka kwenye tairi kuukuu, kwa kisu cha viatu, na kilikaa sawasawa. Vijana wa leo taa ikizima wanaangalia video ya Mhindi kwanza ndipo wabadilishe balbu.

Sasa, injini ikishasafishwa lazima ijaribiwe, na ya boti haijaribiwi kavu. Hapo ndipo mateso yetu yalipoanzia. Baba aliifunga juu ya magogo, bomba la kuvutia maji kwenye pipa, na mpira wa kutolea maji ukaelekezwa mtaroni. Saa moja ya majaribio ilikula madebe thelathini. Madebe thelathini, Tabora, mwezi wa kumi, mvua bado! Kisimani foleni ilianza alfajiri, wanawake wanagombania kata ya maji ya matope, halafu sisi watoto wa Maganga tunateka maji ya kunywesha chuma kinachoyatema palepale. Majirani walitusema. Mama mmoja aliniuliza mbele za watu kama hiyo injini imeposwa, maana inaoga kuliko bibi harusi.

Mteja mkubwa wa Baba alikuwa Bwana Seif, Mwarabu wa pale mjini mwenye duka karibu na soko. Babu zake walikuja na misafara, naye alikuwa na boti tatu Ujiji ambazo mpwa wake alizisimamia. Ndiye aliyewaleta wateja wengine wote kwa Baba, na akiondoka yeye, wangeondoka nao. Mwaka huo injini yake moja ilikuwa imechemsha mara mbili ziwani. Akaja uani, akasema, "Fundi Maganga, safari hii nataka kuiona kwa macho yangu. Ikichemsha tena, wallahi, zote nazipeleka Dar."

"Haitachemsha, Bwana Seif."

Alipotoka, Mama aliuliza alichokuwa anaogopa kuuliza. Kazi hii ikiisha, itakuwaje? Baba akajibu bila kumtazama, "Kuna mkonge."

Wenzangu wa Unyamwezi mnajua neno hilo lilivyokuwa. Ofisi ya kuandikisha manamba ilikuwa mjini palepale. Unatoa jina, unapewa blanketi, unapakiwa kwenye treni kwenda Tanga kukata mkonge. Baba mdogo Mihayo alikwenda kwa mwaka mmoja. Mpaka naandika haya hajarudi, na kama bado anakata, basi ana zaidi ya miaka mia na panga lake limekwisha.

Siku ya majaribio Bwana Seif alifika asubuhi na kanzu nyeupe pe. Baba akaiwasha injini, ikaunguruma vizuri, mpira ukatema maji ya vuguvugu. "Msiniambie imesafishwa," ndivyo alivyozoea kutuambia, "niambieni maji yanatokaje." Yalitoka mazuri. Wakakaa barazani, Mama akaleta kahawa, na mimi na Masanja tukaachiwa pipa. Kazi yetu moja tu: lisikauke.

Tulikwenda kisimani, tukarudi. Tukaenda, tukarudi. Shingo ilikuwa inaniuma, ngata imeniteleza mpaka sikioni, na pipa limeshuka hadi robo. Nikautazama ule mpira unavyomwaga maji yangu mtaroni. Maji niliyoyapigania! Akili ikanijia, na nilijiona msomi kuliko wazungu waliotengeneza kile chuma. Nikauchukua mpira, nikauingiza pipani.

Pipa likaacha kushuka. Masanja alinitazama kwa heshima ambayo hajanipa tena maisha yake yote. Tukakaa kivulini tukacheza mdako.

Sijui tulicheza kwa muda gani. Nilichosikia kwanza ni injini kuanza kukohoa, halafu harufu ya mpira ulioungua, halafu mvuke ukapanda hadi kwenye bati. Baba aliruka kutoka barazani. Kabla hajafika nilikuwa nimeutupa mpira mtaroni na kulipindua pipa, eti nalisafisha. Alipozima injini nikamwapia kwamba pipa halikukauka kamwe, naye aliuona mpira mtaroni pale alipouacha, hakuna kilichoharibika isipokuwa injini yenyewe, iliyokuwa inachemka kama chungu cha pombe.

Bwana Seif hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini, akasema, "Basi, Fundi. Jumatatu jioni naleta mkokoteni." Akaondoka.

Siku mbili Baba aliifungua ile injini. Alitoa kila parafujo. Kigurudumu cha mpira kilikuwa kimeungua, akakata kingine. Akachungulia kila njia ya maji kwa mwanga wa jua, akapitisha spoku, akapuliza kwa mdomo. Safi. Chujio safi. Akaifunga upya. Nilimsikia akimwambia Mama, "Ningekuta hata konokono mmoja ningeshukuru. Hamna kitu. Sijui tena kazi, Mama Kabula. Mikono yangu imekwisha."

Na mimi nilikuwa pale mlangoni na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, mdomo nimeufunga. Niliogopa fimbo, niseme nini tena? Masanja nilimpa konokono wangu wote ili anyamaze, na yule mtoto alikuwa na roho ngumu, alidai na kamba yangu ya kurukia. Lakini michembe niliirudisha jikoni. Kila nikimeza namwona Baba na blanketi begani.

Jumatatu asubuhi Mama alifua shati la Baba la kanisani, akalianika, akalikunja. Baba akalivaa likiwa bado bichi kwapani, akatoka. Mama aliingia jikoni akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi. Hapo nikakimbia.

Sijawahi kukimbia namna ile tena. Nilifika ofisi ya manamba nikiwa sina pumzi. Foleni ya wanaume ilitoka mlangoni mpaka barabarani, na Baba alikuwa ameshafika mbele, kwenye meza ya karani.

"Baba!" Hata shikamoo nilisahau.

Akageuka. "Kabula, rudi nyumbani."

"Baba, mimi ndiye niliyeichemsha injini!"

Foleni nzima ikageuka. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Mmesikia? Mwenzetu binti yake anachemsha injini. Wangu hata uji unamshinda." Wakaangua kicheko. Baba hakucheka. "Umesema nini?"

"Mpira wa kutolea maji. Niliuingiza pipani. Nilichoka kuteka."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu Bwana Seif alipoanza kikombe cha pili."

Nilimwona anahesabu, midomo inacheza. "Kwa hiyo ilikuwa inakunywa maji iliyoyatema."

"Ndiyo, Baba."

"Ya moto."

"Ndiyo."

"Halafu yanatoka ya moto zaidi, inayanywa tena." Akashika ukingo wa meza. Nilidhani ananishukia kofi, kumbe alikuwa anatafuta pa kujishikiza. Karani akagonga kalamu mezani. "Mzee, tuendelee. Jina nimeshaandika, bado dole gumba."

"Futa," Baba akasema.

"Hii wino, mzee."

"Futa, ndugu yangu. Injini yangu nzima!"

Alitoka pale kwa hatua ndefu, mimi nyuma nakimbilia. Nikaona mabega yanamtikisika, nikajua nimemliza baba yangu barabarani, machozi yakanitoka na mimi. Nilipomfikia nikakuta anacheka. Aliponiona akakunja uso haraka, lakini alichelewa.

Alipita dukani akamwomba Bwana Seif saa moja tu. Bwana Seif akatazama kile kishati kibichi, akanitazama mimi na vumbi langu, akasema anakuja. Madebe thelathini nikayateka mimi na Masanja, naye akiwa amehukumiwa kwa kula rushwa ya konokono. Safari hii hakuna aliyeugusa mpira. Injini ikanguruma saa nzima, Bwana Seif akasimama pembeni bila kahawa, akautia mkono kwenye maji yanayotoka. Vuguvugu. Akautoa, akaupangusa kwa leso.

"Mashallah," alisema. "Kesho nakuletea na ile ya pili."

Alipotokomea, Baba akakunja mikono ya shati akaniita. Fimbo nne za miguuni. Ziliuma, maana Baba hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Nililia kwa sauti mpaka kwa jirani, na katikati ya kulia nikaanza kucheka, Mama akadhani nimeingiwa na wazimu. Wazimu gani! Mtu aliyeko Tanga hamchapi mtoto aliyeko Tabora. Kama angeongeza ya tano nisingekataa.

Siku hizi maji yanatoka ukutani, na ukoko wa birika tunautupa pamoja na birika lake. Sisemi zamani ilikuwa pepo. Nani anataka kurudi kwenye foleni ile ya kisima? Mjukuu wangu ninayeishi naye ana kila kitu. Baba yake yuko Uarabuni, huu mwaka wa sita. Kila Ijumaa wanaonana kwenye kioo cha simu, baba anamwambia, "Mwanangu, nakupenda," anamwonyesha majumba marefu, kisha mtandao unakatika. Viatu alivyomtumia mwisho vilikuja vidogo, kwa sababu alikisia mguu.

Wiki iliyopita mtoto huyo alivunja dirisha la jirani kwa mpira. Hakukimbia. Alikuja mwenyewe hadi nilipokaa, akasimama mbele yangu mikono nyuma, akangoja. Nikangoja na mimi. Mkono wangu huu siku hizi hata mbu anaukwepa bila haraka. Mwishowe akaniuliza kwa adabu kabisa, "Bibi, sasa mimi nani ananichapa?"