Mwali wa Mnara wa Galata

Mdogo wangu Nazmi alizaliwa chini ya Mnara wa Galata, akakulia chini yake, akafungua duka lake la kutengeneza taa hapo hapo chini yake, na mpaka mvi zikamjaa kichwani hakuwa amewahi kupanda juu. Watu wanatoka Japani na kamera zao shingoni, wanapanda. Yeye aliupita kila asubuhi akienda kazini, uso ameugeuzia upande, kama mtu aliyekosana na jirani.

Sababu yake mtaa mzima uliijua. Kwetu tunasema mwanamume na mwanamke wakipanda mnara ule pamoja, na wote wawili iwe ndiyo mara yao ya kwanza, hao wataoana tu, hata iweje. Lakini mmoja wao akiwa ameshapanda zamani, basi, hakuna kitu hapo. Nazmi akatangaza kwamba anajitunza, anamngoja wa kupanda naye. Wahuni wa kijiwe cha chai wakampachika jina la Mwali, likamganda. Mteja akiuliza fundi wa taa yuko wapi, wanamjibu kwamba Mwali yumo ndani, bado anachezwa.

Na somo wa mwali huyo nilikuwa mimi, Muzeyyen, dada yake. Mume wangu alipofariki nilirudi nyumba ya wazazi nikamkuta humo, na tangu siku ile nimempikia, nimemfulia, nimemshonea vifungo. Nikimpikia pilipili hoho za kujaza wali, anaonja, anasema chumvi imepungua. Kesho yake anasema imezidi. Mwanamume mwenye mdomo wa namna hiyo anahitaji mke, si dada. Nampenda mdogo wangu, lakini nilikuwa nimemchoka, na sioni haya kulisema hilo.

Wachumba nilimletea, tena wanawake wa maana. Aliwapokea vizuri, akawamiminia chai, akawasogezea vitamutamu, na kabla ya gilasi ya pili anauliza kwa upole kama bibi amewahi kupanda mnara. Wa kwanza alipandishwa na shule yake. Wa pili alipelekwa na binamu. Wa tatu alikwenda kula kwenye mkahawa uliokuwa kule juu zamani, na alilisema kwa maringo. Kila mara Nazmi alishusha pumzi ndefu, akasikitika kwa adabu, akamsindikiza mgeni mpaka kituoni. Mimi nabaki jikoni nimejiziba mdomo kwa leso nisije nikatukana. Ile pumzi nilidhani ni huzuni.

Ndipo akahamia Perihan. Mjane, fundi cherehani, alipanga chumba kinachotazamana na duka la Nazmi. Haukupita muda, taa ya cherehani yake ikaanza kuharibika kila wiki. Taa gani hiyo? Na Nazmi, anayezijua taa kuliko anavyoijua dini, akawa anaitengeneza kila wiki bila kuuliza swali. Anatoka pale uso unang'aa, anakuja kula pilipili hoho bila kusema lolote kuhusu chumvi. Nikajua mambo yameiva.

Siku moja Perihan alinisimamisha kwenye ngazi za mtaani. Akaniambia binti yake aliyeko Izmir amemwandalia chumba, anataka mama ahamie kabla ya majira ya baridi, na kwamba atakwenda, labda itokee sababu ya kubaki. Aliposema sababu, alitazama dukani kwa Nazmi. Mimi si mtoto. Nilishuka moja kwa moja nikamwambia yule bwege kwamba asipofumbua mdomo sasa, atazeeka na mimi.

Tukamwalika chai. Nazmi akamimina, akasogeza vitamutamu, akauliza lile swali lake. Perihan aliizungusha gilasi yake.

"Sijawahi," akasema.

Nazmi akapauka mpaka midomo. Nikadhani ni mapenzi. Sikuwapa nafasi ya kupumua, nikasema basi ni Jumapili hii, na mimi nitawasindikiza.

Jumapili Nazmi alivaa suti ya marehemu baba, amejimwagia marashi ya limau mpaka nzi wanamkwepa. Perihan alifunga kitambaa cha hariri cha kijani. Foleni ilikuwa ndefu, na vijana wa kijiwe walikuwa wameacha chai yao wakaja kusimama pembeni kutazama. Ajabu ni kwamba kila tulipokaribia mlango, Nazmi aliwapisha watu. Piteni wazee, piteni wenye watoto, piteni wageni. Na Perihan naye kila mara aliinama kufunga kiatu. Nikawatazama hawa wawili, uvumilivu ukaniishia. Mlango wa lifti ulipofunguka na mhudumu wake akasema bado pana nafasi, nilimwekea mdogo wangu mkono mgongoni nikamsukuma. Na mimi sikuumbwa mwembamba. Akaingia. Nikageuka kumchukua Perihan, nikamkuta ameinama tena kwenye kiatu. Mlango ukajifunga.

Humo ndani, wengine wote walikuwa wanaume, isipokuwa mmoja. Alikuwa bibi mzee wa kutoka Trabzon, kwa wavuvi wa dagaa, jina lake Bi Havva, aliyekuja mjini kutibiwa macho.

Lifti iliposhuka, watu tukasogea kuchungulia. Nazmi alikuwa amejibana kwenye kona, uso ukutani, macho ameyafumba kwa nguvu, na amemshika Bi Havva mkono. Mhudumu akatueleza kwamba walipofika juu wenzao wote walitoka, lakini huyu bwana alikataa kutoka na hakumwachia bibi. Bi Havva akatuuliza kijana huyu ni wa nani, maana mikono yake ni ya baridi sana.

Wee, foleni ikageuka baraza. Vijana wa kijiwe wakamuuliza bibi kama aliwahi kuupanda mnara. Akasema ndiyo kwanza leo. Watu wakashika vichwa. Mmoja akatetea kwamba lifti si mnara, desturi ilianza enzi za ngazi. Mwingine akasema lifti ni mnara tu, tena hawa wameshikana mikono, mambo yamekwisha. Mhudumu akasema Nazmi hakukanyaga juu, kwa hiyo haihesabiki. Bi Havva alisikiliza pande zote kwa makini, halafu akatoa kauli yake.

"Mimi sina kipingamizi. Mradi awe anakula dagaa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Perihan hakucheka. Alimsogelea Nazmi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafumbua jicho moja.

"Bwana Nazmi, mnara huu nimeshaupanda," akasema. "Nilipanda na marehemu Ruhi, wakati wa uchumba wetu. Nilikudanganya. Nilisikia habari za waliotangulia, nikaona nikisema kweli utanisindikiza kituoni kama wao. Sasa umejua. Mwanangu ananingoja Izmir."

Mimi nilikuwa nakitazama kifua cha mdogo wangu, naingoja ile pumzi yake ndefu. Haikuja.

"Usiende," Nazmi akasema. "Na mimi nimekudanganya. Nimewadanganya watu wote. Sijitunzi wala nini. Naogopa. Tangu utoto, nikifikiria tu kusimama kule juu, natafuta ukuta wa kushika."

Kijana mmoja wa kijiwe akasema haiwezekani, mbona huyu hufunga taa kwenye dari za misikiti, juu kabisa ya ngazi?

"Ngazini natazama dari," Nazmi akamjibu. "Chini sitazami."

Ile pumzi niliyoiita huzuni miaka yote, kumbe ilikuwa shukrani! Perihan alielewa haraka kuliko mimi, na uso wake ukawa mgumu.

"Kwa hiyo wale watatu waliposema wamepanda, ulifurahi."

"Nilifurahi."

"Na mimi niliposema sijawahi?"

"Nilitamani ardhi inimeze." Akafumbua na jicho la pili. "Lakini wale sikufika nao hata kwenye foleni, Bi Perihan. Kwako nimefika mpaka juu. Nimefumba macho, nimeshika mkono wa bibi wa watu, lakini nimefika."

Nikalia. Niliwaambia watu ni vumbi.

Perihan akamtengeneza kola ya ile suti ya baba, iliyokuwa imekunjika alipojibana ukutani. Akamuuliza kama yuko tayari kunywa chai mahali pa chini. Wakaondoka zao polepole, vijana wa kijiwe nyuma yao, hakuna aliyethubutu kuita Mwali.

Bi Havva alibaki na mimi, na hakupenda kurudi Trabzon bila kuona kitu. Nikampandisha mwenyewe. Kule juu macho yake hayakumsaidia sana, ikabidi nimsimulie: meli zile, daraja lile, na pale chini kwenye kijiwe, kitambaa cha kijani na kichwa chenye mvi, vimekaribiana. Akaniuliza kama wanakula. Nikamwambia wanakula simiti, ule mkate wa duara wenye ufuta, wamekata moja wanagawana.

Waliandikishwa ndoa kabla ya baridi kuingia. Kwetu, maharusi wakishatia sahihi hukimbilia kukanyagana mguu, na anayewahi ndiye atakayetawala nyumba. Nilimwonya Nazmi mara chungu nzima. Alinunua hadi viatu vya soli nzito. Saa ilipofika, namtazama mdogo wangu, simwoni mezani kabisa, mawazo yako juu: taa ya ofisi ya ndoa ilikuwa imefungwa upande, na yeye amekazia macho darini anatafuta kosa liko wapi. Perihan akamkanyaga kwa kisigino, kwa uzito wake wote.

Mwali akapiga ukelele, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona anatazama chini. Akabaki anautazama mguu wa mkewe juu ya wake, wala hakuonekana kuogopa kitu.