Darasa Lililokataa Kuogopa

Siku yangu ya kwanza kazini niliteremka kwenye lori la baba huko Kulamawe, kijiji cha wafugaji mbali na mji wa Isiolo, nikiwa mweupe kwa vumbi, na mwalimu mkuu akanipokea kwa kicheko. Alikuwa Mmeru mwenye miwani, mkazi wa pale kwa miaka mingi. "Karibu, mwalimu," akasema. "Maji ya kunawa uso yapo. Ya kuoga tutaongea baadaye." Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Babu yangu alifika Isiolo akiwa askari wa mkoloni, baba akanunua lori, na mimi nilitarajiwa kushika usukani. Nilipochagua chaki, baba alininunia mpaka mama akamwonea haya.

Niliajiriwa kama mwalimu asiye na mafunzo. Maana yake, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne lakini sijaona mlango wa chuo cha ualimu, na ripoti moja mbaya ya mkaguzi wa shule ingenirudisha nyumbani. Kila jioni niliandika andalio la somo, yaani mpango wa utakachofundisha kesho na namna utakavyokifundisha, na mwalimu mkuu alilipitia kwa kalamu nyekundu bila huruma. Nilipewa Kiingereza cha darasa la sita.

Sasa, Kiingereza kina vivumishi vinavyokuja viwili viwili, kimoja kikiishia kwa -ing na mwenzake kwa -ed. Mimi mwenyewe vilinitesa shuleni. Watoto wa Kulamawe niliwapa mwiba na mguu. Mwiba ndio unaochoma, huo mpe -ing. Mguu ndio unaochomwa, huo mpe -ed. Simba ni "frightening", na aliyetiwa hofu na simba ni "frightened". Walishika upesi kuliko nilivyoshika mimi, na katika madaftari karibu wote walipata. Nikaanza kutembea kifua mbele.

Ndipo mkaguzi akaja. Alikuwa mtu wa maneno machache, suti ya kaki imepigwa pasi ikasimama. Akaketi nyuma, akasikiliza, kisha akainuka kuwauliza watoto mwenyewe. Simba yukoje? Darasa zima likapaza sauti: "Frightening!" Na ninyi mkimwona, mnajisikiaje? Hakuna mkono ulioinuka. Akamnyooshea kidole Guyo, kijana mrefu aliyechunga ngamia wa baba yake kila shule ilipofungwa. Guyo akasimama wima, akajibu kwa Kiingereza safi kwamba yeye ana fimbo. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mkaguzi akauliza kuhusu kiu, kuhusu uchovu, na kila mara jua lilikuwa kali na njia ilikuwa ndefu, lakini hakuna mtoto aliyechoka.

"Mwalimu," mkaguzi akaniambia nje, "hawa wanajua nusu ya somo. Nitarudi kabla ya kufunga shule. Nikikuta hivi, sitakuwa na la kuandika la kukusaidia."

Usingizi ulinipaa. Nilimwita Guyo, nikamuuliza kwa nini alinifanyia vile na jibu alilijua.

"Mwalimu, kuandika ni sawa," akasema. "Lakini mimi nachunga ngamia ya baba. Nikisimama mbele ya mgeni niseme nimeogopa, nani ataniachia ngamia tena?"

Mimi mtoto wa mjini nilikuwa nimezoea kulalamika tangu asubuhi: njaa, jua, viatu kubana. Wenzangu hawa walilelewa kwamba mchungaji haungami hofu wala uchovu mbele ya watu, na mimi nilikuwa nawaomba wajivunjie heshima ili nisipoteze kazi.

Mkaguzi aliporudi, andalio langu lilikuwa mezani, lakini sikuligusa. Nilisimama mbele ya darasa nikasema kwa Kiingereza, "Leo mimi nimeogopa." Nikawaeleza kwamba mgeni yule alikuwa na uwezo wa kunirudisha Isiolo, na kwamba nawapenda na sitaki kwenda. Watoto wakanitazama kama nimevua shati.

Guyo akainuka polepole. Akasema kwamba mwaka uliopita simba alifika karibu na ngamia, na yeye aliogopa. "Frightened," akasema, kwa sauti ya chini. Halafu msichana mmoja akasema amechoka kuteka maji, na mwingine ana wasiwasi kwa sababu mama yake anaumwa, na mikono ikazidi kuinuka. Mkaguzi aliweka kalamu chini.

Asubuhi iliyofuata Guyo hakuja shule. Nikajua nimemponza. Saa nne hivi baba yake akatokea uwanjani, fimbo mkononi, nami nikamwendea.

"Salaam aleikum, mwalimu."

"Aleikum salaam, mzee."

Tuliulizana amani ya nyumba, ya watoto, ya mifugo na ya njia, pole pole, mpaka salamu zikaisha.

"Nasikia mtoto yangu alisema aliogopa simba. Mbele ya mgeni."

"Alisema, mzee. Ni mimi nilianza."

"Wewe, mwanaume mzima, ulisema umeogopa?"

"Nilisema."

Alichora chini kwa fimbo yake. "Ile siku ya simba mimi nilikuwa upande ile ingine ya ngamia," akasema. "Hata mimi niliogopa sana. Sijaambia mtu." Akafuta alichochora. "Guyo amepeleka ngamia kwa maji. Kesho atakuja."

Mkaguzi aliniandikia ripoti nzuri, nikapelekwa chuoni, nikafundisha Gotu, na miaka ya themanini ikanikuta naibu wa mwalimu mkuu mjini Isiolo. Sasa nimestaafu, nakaa Chechelesi, na baba alisamehe chaki kabla hajafariki. Walimu vijana hunijia kuuliza jinsi ya kufundisha vile vivumishi. Nawaambia, usimuulize mtoto anajisikiaje kabla hujamwambia wewe unajisikiaje. Mimi, kwa mfano, nimezeeka, magoti yananiuma, na nimeridhika.