Benzi ya Mapezi ya Mzee Ochieng

Javan Omanga akikuambia kitu "kiko karibu kuisha", usinunue nguo ya kukivalia. Namjua. Duka langu la spea hapa Migori limepakana na gereji yake, na maneno hayo nimemsikia akiwaambia wenye magari tangu sote tukiwa na nywele. Lakini mikono yake jamani! Javan akinyoosha bodi iliyobondeka, hata aliyeigonga hawezi kukuonyesha alipogonga. Ndiyo maana watu wanamvumilia, nami pia, ingawa mimi Kerosi ni Mkisii mwenye haraka zangu.

Gari hili alilipata Kehancha. Alikuwa amekwenda kutengeneza trekta ya Mzee Nchagwa, mfugaji wa Kikuria, akaona nyuma ya ghala la tumbaku Benzi kuukuu ya rangi ya maziwa, ile ya zamani yenye mapezi mawili nyuma kama ya samaki ngege. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Nchagwa mwenyewe alikuwa akibebea ndama humo mpaka injini ikagoma.

"Hii nilinunua kwa Ochieng wa Homa Bay," Nchagwa akamwambia. "Yule mzee wa pamba."

Javan nusura adondoshe spana. Ochieng wa pamba alikuwa baba mkwe wake, marehemu. Mkewe, Benta, alikuwa amemsimulia mara nyingi: baba yake alilinunua gari hilo kwa Mhindi mmoja wa Kisumu, akalipenda kuliko ng'ombe wake, halafu akaliuza ili Benta aende chuo cha ualimu. Siku lilipoondoka, mama yake, Phelesia, aliingia jikoni akafunga mlango. Hakulitaja tena.

Nchagwa hakutaka pesa. Alitaka trekta yake ilime kabla ya mvua. Javan akaitengeneza, akarudi Migori akiivuta Benzi kwa kamba, na kuku mmoja ndani ambaye alikuwa ameapa hatoki.

Kazi ikaanza. Sakafu ilikuwa imeoza hata ukikaa unaona ardhi chini ya miguu. Akaikata, akachomelea bati jipya. Kabureta aliifungulia kwenye meza yangu, akaimwagia petroli chapati yangu. Duara za nikeli za taa nilizitafuta mimi mpaka Nairobi, nikaletewa za gari lingine, akanirudishia kwa matusi. Kilichomsumbua zaidi ni kiti cha nyuma. Alikishona kwa ngozi nyekundu, akakifumua, akakishona tena, kwa sababu hapo ndipo angekaa Mama Phelesia. Ndoto yake ilikuwa hiyo: mama akitimiza miaka themanini, siku ya ibada ya shukrani, yeye Javan ampeleke kanisani ndani ya gari la mumewe, asikie kwa masikio yake atakachosema.

"Neno moja tu, Kerosi," alikuwa akiniambia. "Moja linanitosha."

Tatizo ni kwamba Waluo wana heshima zao na mama mkwe, na familia ile inazishika sana. Mkwe hampi mkono maro, yaani mama mkwe wake, hakai naye karibu, wala hamkazii macho. Sisi Wakisii tuna haya kama hizo, kwa hiyo sikumcheka. Nilimcheka alipoleta suluhisho lake: pazia. Alifunga waya nyuma ya viti vya mbele, akatundika kitambaa cha maua, akasema sasa mama atakuwa na chumba chake na yeye chake.

"Hiyo ni gari ama wodi?" nikamuuliza.

"Wewe uza spea."

Siku ikafika. Nilikwenda Homa Bay kwa pikipiki yangu, maana sikutaka kusimuliwa. Benzi ilikuwa uani inang'aa, wajukuu wanajitazama kwenye milango. Javan, ndani ya suti, alikuwa amefungua mlango wa nyuma, macho chini kama bwana harusi. Mama Phelesia akatoka na mkongojo wake. Akalizunguka gari polepole. Akashika pezi moja, akashika la pili. Akachungulia ndani, akaliona pazia.

"Orwa," akasema, yaani mkwe wetu, "hii ni ya nini?"

"Ni heshima, Mama."

"Heshima ni mzuri. Lakini mimi nimekaa nyuma ya hii gari siku zote. Mzee alikuwa anasema mbele ni ya wageni. Leo nataka kukaa mbele, nione barabara."

Akaufungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi, mkoba mapajani. Mbele maana yake ni bega kwa bega na dereva. Javan alisimama na funguo mkononi. Nilimnong'oneza aingie nyuma, Benta aendeshe, si pazia lipo? Lakini wajukuu walikuwa wameshajaa kile kiti chekundu, na kumtoa mtoto ndani ya Benzi ni vita. Niliona huruma, kusema kweli. Amelifufua gari kutoka kwa kuku, na sasa hana pa kukaa.

Akampa Benta funguo.

"Gia iko kwa usukani," akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeaga. "Usiilazimishe."

Basi tukawafuata kwa pikipiki, Javan nyuma yangu na suti yake. Kila gia ilipokwaruza alinipigia kelele sikioni, "Vuta kwako! Benta, kwako!" kana kwamba mimi ndiye Benta. Tulipofika barabara kuu Benta akaizoea, gari likatulia, yale mapezi yakapita kati ya watu waliosimama kushangaa.

"Sijawahi kuiona ikienda," Javan akasema. "Mimi huwa niko ndani."

Kanisani wanawake walimpokea mama kwa vigelegele, wakamzingira mpaka mlangoni. Javan aliruka kabla sijasimama vizuri, akamkimbilia mkewe.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Hata neno moja?"

"Ameimba," Benta akasema. "Kutoka nyumbani mpaka hapa. Hata nikikosa gia, anaendelea tu."

Javan akainama, akajifanya anakagua tairi. Akaniambia ni vumbi limemwingia machoni. Barabara ile ni ya lami.