Laki Sita za Igoki

Regina Igoki alipika katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Meru kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwonea wivu. Nani atamwonea wivu mtu anayesonga ugali wa wagonjwa mia mbili? Alikuwa mjane asiye na mtoto, amepanga chumba mtaa wa Majengo, nyuma ya bucha. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kwao Kibugu, upande wa Embu, kumwona mama yake, aliyeishi kwenye shamba la chai na Njue, mdogo wa kiume wa Igoki.

Kilichomponza ni wema. Februari ya tisini na nne, sista mzee Mwitaliano aliyesimamia hospitali alikuwa anarudi kwao kustaafu, macho yamekwisha, akaomba Igoki amshike mkono hadi Italia, mpaka mlangoni kwa dada yake. Igoki akaenda. Wiki ya pili ikaja simu kutoka misheni: mama amefariki, mazishi ni Jumamosi. Tikiti yake ya kurudi ilikuwa ya Alhamisi. Akahesabu siku kwa vidole, akaona atawahi.

Alhamisi hiyo ndege ikafutwa. Ijumaa ikafutwa tena. Alikaa kwenye benchi la uwanja wa ndege ndani ya koti la kuazima, na kila alipoona mtu wa sare alimwendea akamwambia yale maneno machache ya Kiitaliano aliyofundishwa na sista, kwamba mama amekufa. Wakampapasa bega, wakaenda zao. Alipata nafasi kwenye ndege ya Jumapili. Kibugu, kaburi lilikuwa limechimbwa Jumamosi asubuhi, na kwao kaburi likishachimbwa halilali wazi. Mama akazikwa bila binti yake wa pekee.

Njue alimpokea kwa kikombe cha chai, bila kumtazama usoni.

"Ungetaka kuja ungekuja," alisema.

Neno hilo lilimkaa Igoki kifuani. Alieleza habari ya ndege mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara Njue alikuwa na ng'ombe wa kulisha. Kwa Njue, ndege ni ndege. Ikipangwa kuruka inaruka. Kutoka siku hiyo Igoki hakutaka kitu kingine duniani ila mdogo wake aamini kwamba hakukaa kule kwa kupenda.

Ndiyo maana barua ya shirika la ndege ilipofika Juni, hakuipeleka benki kwanza. Aliipeleka Kibugu. Ilikuwa ya Kiingereza, ina muhuri, na ilisema wazi kwamba safari ilifutwa siku mbili mfululizo na kampuni inasikitika. Ndani yake kulikuwa na cheki ya fidia. Wakamwita Njura, katekista, awasomee. Njura akavaa miwani, akaanza na cheki.

"Laki sita!" akapiga kelele.

Usomaji ukaishia hapo. Igoki alisihi barua isomwe, lakini nani alikuwa na masikio?

"Si shilingi, ni lira, pesa ya Italia," Igoki alisema.

"Hata afadhali!" Njue alichukua risiti ya majani chai, akaanza kupiga hesabu nyuma ya karatasi. "Dola ni hamsini na kitu. Pauni inapita themanini. Wewe umewahi kuona pesa ya mzungu iko chini ya yetu? Tuseme hii lira ni mara kumi tu, kidogo kabisa. Hiyo ni milioni sita, dada."

Tusimcheke. Miaka ile shilingi yetu ilikuwa imeanguka mpaka watu wakazoea kwamba kila pesa inayotoka ng'ambo inazidishwa. Igoki mwenyewe alilala usiku huo akiwa milionea, na hakupata usingizi.

Ednah, karani wa benki mjini Meru, ndiye aliyemwamsha. Alibonyeza kikokotoo, akabonyeza tena.

"Mama, hii hatuzidishi. Hii tunagawanya. Lira ishirini na nane hivi ndiyo unapata shilingi moja. Ni kama elfu ishirini na moja, na si leo. Cheki lazima iende Nairobi, itoke huko iende Italia, ndiyo walipe. Na tunatumia rate ya siku ile pesa itaingia."

"Itaingia lini?"

"Utakuwa ukipitia tu."

Alipitia. Kila Ijumaa, miguu imevimba kwa kusimama jikoni, alipita benki akatazama ubao wa bei za fedha. Mwaka huo shilingi ikaamua kupona. Redio ilisifu, wenye maduka walifurahi, na Igoki, maskini, akasimama mbele ya ubao akiona lira thelathini, thelathini na mbili, thelathini na tano kwa shilingi moja. Alichoka mwili, akachoka na kichwa. Nchi nzima ilishangilia kitu kilichokuwa kinamla yeye.

Oktoba pesa ikaingia. Benki ya kule ilikata yake, ya Nairobi ikakata yake, ya Meru haikubaki nyuma. Alihesabiwa shilingi elfu kumi na nne mia tatu na hamsini.

Hakutoa hata ya sabuni. Alizipeleka zote Kibugu pamoja na karatasi ya benki na ile barua, akaziweka mezani mbele ya Njue.

"Za kujengea kaburi la mama," alisema. "Na hii barua, Njue, nakuomba, asome mtu mwingine mpaka mwisho."

Njue alihesabu noti. Akahesabu tena. Karatasi ya benki aliigeuza, kama kwamba milioni zimejificha upande wa pili. Barua hakuigusa.

"Sasa nimeelewa," akasema polepole. "Hukuja kuzika kwa sababu ulikuwa unatafuta hizi. Na ukishapata, unaniletea change."

Igoki aliinuka. Aliumia, na maumivu yenyewe yalikuwa yamechoka. Akatoka nje, akaenda kwenye kaburi, upande wa chini wa shamba la chai. Majani yalikuwa yameota juu yake. Akakaa chini, akavua viatu, akaanza kumsimulia mama kwa Kiembu tangu Alhamisi asubuhi: foleni, ubao wa ndege ulioandikwa kitu asichoweza kusoma, benchi, koti la watu. Huko ndani Njue alikuwa anahesabu mara ya tatu. Igoki akafika Ijumaa, ndege ilipofutwa mara ya pili, akaeleza taratibu bila kuruka kitu, maana mama hakumkatiza.