Maua Chini ya Mkeka Wangu

Jamani, bibi anayewasimulia leo aliwahi kuamini kwamba anauawa kwa maua.

Msicheke kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, vilimani Masisi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili, mama yangu amefariki, baba yuko Walikale kwenye machimbo ya wazungu. Nyumbani nilibaki na Mukankusi, mke mpya wa baba. Kumwita mama? Ng'o!

Tuliishi kwenye shamba la mzungu mmoja, tukichuma pareto. Kilima kizima maua meupe. Mimi nilikuwa na gauni moja la viraka na miguu iliyojaa vidonda. Kila nikiyatazama yale maua, nilitamani nami nipendeze hivyo. Umri ule ulikuwa umeshanifikia.

Lakini ukipeleka hata ua moja nyumbani, wewe ni mwizi. Familia yote inafukuzwa shambani.

Siku moja kapita wetu, yaani msimamizi wa shamba, Kanyamibwa, aliwaonya wachumaji:

"Musitie mu kinywa. Ile maua inauwa."

Jioni hiyohiyo, nikiinua mkeka wangu niukung'ute, nikayakuta maua hayo chini yake. Makavu, yamesagwa, yametandazwa pale ninapolala. Upande wa Mukankusi hakuna kitu.

Nikainama kuyatazama vizuri.

"Unatafuta nini pale?" akauliza Mukankusi kutoka mlangoni.

"Hapana kitu."

"Basi lala. Vumilia kidogo tu, itaisha."

Itaisha nini? Roho yangu?

Kuanzia hapo nikamchunga. Nikipiga chafya, najua ni sumu hiyo. Chakula sili mpaka yeye aanze. Asubuhi anainama, anaikagua miguu yangu, halafu anatabasamu peke yake. Nikasema huyu ni mchawi kabisa.

Nikaamua kumshitaki. Nikayakusanya maua yote, nikayafunga kwenye pindo la kitambaa nilichojifunga kiunoni, nikasubiri kapita apite.

Kumbe alikuwa anakuja mwenyewe. Watu walishamnong'oneza kwamba kuna maua yanapotea. Mukankusi alipomwona, akarudi nyuma hadi ukutani.

Nikawaza, nikifungua kitambaa sasa hivi, nimepona. Lakini nilitaka kwanza Mukankusi mwenyewe asikie kapita akisema kwamba yanaua mtu.

"Papa kapita, ile maua inauwa nini?"

"Inauwa viroboto na chawa. Njo sababu muzungu analima. Muntu haimuuwi, inamuwasha tu kinywa."

Nikatazama miguu yangu. Vidonda vilikuwa vimekauka, na ngozi mpya imeanza kung'aa.

"Sasa sema, mutoto," akasema Kanyamibwa. "Huyu mwanamuke analetaka maua hapa?"

Nikakaza kitambaa kiunoni.

"Mama yangu haiko mwizi."

Alipekua chini ya mikeka, akapekua vyungu, akaondoka akinung'unika.

Mukankusi akaketi chini. Nikamuuliza kwa nini kwake hakuweka.

"Ilikuwa kidogo," akasema. "Haikutosha batu babili. Na weye njo unakomaa, ulitaka miguu ya kuonesha."

Akaanza kujikuna. Nikamsogezea kitambaa chake juu kidogo. Miguu yake ilikuwa imeliwa na viroboto mpaka magotini, na mimi nilikuwa nimemchunga siku zote hizo nisiione.

Nililia sana. Siku hiyo nilikua.

Ndugu zangu, kushuku si dhambi, hasa ukikulia kwenye shida. Lakini kabla hujamtoa mtu kwa adui, uliza. Mimi niliuliza swali moja dakika ya mwisho, nikapata mama.